Bendi Iliyolia Machozi Meusi

Jumanne, 6 Mei
Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado nikimwona anavua viatu mlangoni, moyo unaruka!

Mume wangu anatengeneza visanamu. Safari hii ni ile bendi iliyopiga kwenye harusi yetu: wanamuziki kumi na wawili, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Yamebaki macho tu. Jumamosi ni maonyesho ya chama chao cha watengeneza visanamu, na kazi itakayoshinda itawekwa dirishani mwa duka la vitabu. Miaka mitatu anashindwa na mwanachama mwenzake, daktari wa meno. Macho anayapaka kwa brashi yenye nywele tatu, pumzi ameibana. Jicho moja, jioni nzima! Nitamwokoa. Nimenunua kalamu za rangi. Wifi, anayekaa nasi, kasema mikono yangu ni ya kufungia magunia. Ataona.

Jumatano, 7 Mei
Mume kaenda kazini. Nilimbusu mara mbili, moja ya akiba. Nikaanza na mpiga ngoma. Kalamu nyeupe haitoi kitu. Nikaigandamiza usoni pake. Wapi! Nikaigandamiza kwa imani. Ikatoa yote.

Saa sita mume akapiga simu kushukuru kwa moyo wa karatasi niliomwekea kwenye kopo la chakula. Kauliza mbona nyuma yake pameandikwa: tikisa kwanza, bonyeza kwenye karatasi chakavu mpaka rangi ishuke. Moyo nilikuwa nimeukata kwenye pakiti ya kalamu. Nikamwambia ni shairi.

Mpiga ngoma ana jicho kama yai. Ili asijione mpweke, nimewapa wote macho ya saizi hiyo.

Alhamisi, 8 Mei
Wifi kachungulia kabatini, nilikoificha bendi baada ya kumwambia mume apumzike hadi Ijumaa. Kaniuliza, wifi yangu, hawa wameona chatu? Nikamjibu ndiyo kwanza wamekuona wewe. Lakini ilinichoma.

Kisha nikapata wazo. Miwani ya jua! Bendi nzima, watanashati kupindukia! Nikaichora kwa kalamu nyeusi, sikungoja rangi ikauke. Nikapuliza vanishi ili wang'ae. Miwani ikaanza kutiririka. Machozi meusi hadi kidevuni, watu kumi na wawili. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

Ijumaa, 9 Mei
Mume kaona. Akakaa. Akanywa maji, bilauri mbili. Nililia kuliko bendi. Akanifuta kwa kitambaa chake cha kazi, nikabaki na shavu la kijani. Akasema muda wa kuvisafisha haupo tena, na hawezi kuwaacha nyumbani watu wenye majonzi kiasi hicho. Nani mwingine ana mume kama huyu? Nani?

Jumamosi, 10 Mei
Jaji, mwalimu mstaafu, aliinama na kioo cha kukuzia. Kasema hajawahi kuona huzuni kama ile kwenye uso mdogo kama harage. Akauliza, ni bendi ya mazishi?

Mume wangu angeitikia tu, dirisha lingekuwa letu! Badala yake akanishika mkono, akasema mbele ya wote kwamba ni bendi ya harusi, na nyuso ni kazi ya mke wake. Kanuni ya chama ni kwamba kila kazi iwe ya mikono ya mtu mmoja. Tukaondolewa. Daktari wa meno kashinda tena, akasema hao wetu wanafanana na wagonjwa wake.

Mengine sikuyasikia. Kazi ya mke wangu! Mbele ya watu sitini! Hata Wifi alipiga makofi, ingawa baadaye kadai alikuwa anaua mbu.

Jumapili, 11 Mei
Mume ameanza visanamu vya kwaya. Waimbaji arobaini! Kaniomba, kwa upole wake wote, macho nimwachie yeye. Maskini, anaogopa kunichosha.

Nimenunua kalamu nyingine. Kosa lilikuwa ncha nene. Hizi ni nyembamba kama sindano. Nyuma ya pakiti kuna maandishi marefu ajabu, lakini karatasi yenyewe ngumu, nzuri, rangi ya waridi. Nimekata moyo mkubwa kuliko ule wa kwanza.