Nyongeza za Nyumba ya Mwisho

Jumapili ya mwisho ya Juni, Lionel Spragg alipita mbele ya mtaa mpya wa Larkfield, pembezoni mwa Kettering, akaona bendera imetundikwa kwenye uzio: NYUMBA YA MWISHO! KARIBU TUZUNGUMZE. Akasimama. Mtu mwingine angesoma tangazo la nyumba. Lionel alisoma kilio.

Maana kampuni za ujenzi za hapa kwetu hufunga hesabu za nusu mwaka mwishoni mwa Juni, na nyumba ambayo haijapata jina la mnunuzi siku hiyo humnyima usingizi muuzaji, meneja wa muuzaji, na bwana mkubwa mmoja huko London ambaye hajawahi kushika tofali. Bei hawashushi, hata uwalilie. Bei ya nyumba huandikwa serikalini, jirani akaisoma, na jirani aliyelipa zaidi ana mdomo. Lakini nyongeza! Zulia, mapazia, majani ya bustani, mashine ya kufulia: ukifika wiki ya mwisho ya Juni na sura ya mtu mwenye pesa, utaongezewa mpaka uone haya. Lionel hakuwa na pesa. Sura alikuwa nayo. Haya hajawahi kuwa nayo.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, nadhifu, tai shingoni hata akienda kununua maziwa. Mungu alimpa ulimi mrefu, halafu akabana kwenye kimo: begani kwa mkewe wa kwanza, kwapani kwa wa pili. Ulimi huo uliwahi kumkodishia kasisi mmoja sehemu ya kuegesha gari iliyokuwa mali ya kanisa la kasisi mwenyewe. Hata hivyo, mjanja huyu alikuwa analala kwa dada yake Hilary, katika kile chumba cha juu ambacho wajenzi wetu hukiita chumba cha tatu na wenye nyumba hukitilia masanduku. Shemeji yake Keith alimtoza kodi, akamwekea na sheria: usikaange baada ya saa mbili, usiimbe bafuni, usiguse kirekebishi cha joto.

Lionel alikuwa amejiwekea pauni elfu tatu ili apange pahali pake mwenyewe. Tatizo ni kwamba ukitaka kupanga Kettering wanataka barua ya mwajiri, na mwajiri wa Lionel alikuwa Lionel, mtu asiyeaminika. Ila ukimwekea mwenye nyumba kodi ya mwaka mzima mezani, hakuulizi barua. Kwa hiyo alihitaji kuzigeuza elfu tatu zake ziwe elfu tisa, basi, aage sheria za Keith. Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza alipovuka barabara.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ndiyo nyumba ya mfano, ile inayopambwa wateja waione. Mlangoni alipewa mifuko ya plastiki ya kuvaa juu ya viatu. Akaingia, na jambo la ajabu likamtokea: alijiona mrefu. Alisimama kando ya sofa, sofa ikamheshimu. Alipita karibu na meza ya chakula, meza ikamfika pahali meza zinapowafika wanaume wengine. Ghorofani kitanda kilijaa mito ya hariri, ukutani televisheni pana, rafuni vitabu vya ngozi. Lionel akajitazama kwenye kioo akakaribia kujiamkia.

"Unaipenda?" sauti laini iliuliza nyuma yake.

Alikuwa muuzaji, Bibi Glenys Tranter, mwanamke wa miaka sitini, miwani imening'inia kwa mnyororo, mpole kama mtunza maktaba.

"Kapteni Spragg," Lionel alijitambulisha. Kapteni wa nini, hakusema, na hapa kwetu ni utovu wa adabu kuuliza. "Mjane. Nimeuza nyumba Surrey, pesa iko benki inalala. Nyumba si mbaya, mama. Bei ndiyo inaniumiza kifua."

"Pole, Kapteni. Bei haishuki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini zulia nitakutandikia nyumba nzima."

"Zulia ni haki ya binadamu, mama. Tuanzie juu ya zulia."

Bibi Tranter akacheka. "Majani ya bustani, basi."

"Majani huota yenyewe. Mungu hatozi."

"Ada ya wakili tunalipa sisi. Na banda la bustani."

Lionel akaenda dirishani, akafunga mikono nyuma, akanyamaza. Mtu akikunyamazia England ujue mazungumzo yamechacha. Huku anahesabu kichwani: sofa, meza, vitanda vitatu, televisheni, vioo. Maureen Duckett, mfanyabiashara wa samani za mitumba kule Corby, angevilipia elfu tisa bila kukohoa.

"Marehemu mke wangu," akasema kwa sauti ya chini, "angeipenda nyumba hii vilevile ilivyo. Na vilivyomo vyote. Nipe vilivyomo, mama, naweka jina leo."

Bibi Tranter akavaa miwani. "Samani zote?"

"Mpaka vitabu."

"Kapteni, ungekaa kwanza kwenye sofa, tukaongea vizuri."

"Sithubutu, mama. Nyumba si yangu bado." Maneno hayo yalimtoka na adabu yake yote, na kusema kweli ndivyo tulivyo. Mwingereza anaweza kuiba ufalme wa mtu, lakini hatakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, na akikaribishwa atasema hapana ahsante.

"Ghorofani basi, ujaribu kitanda."

"Mama!" Lionel aliona aibu ya kweli. Pia aliogopa akionekana anavipapasa, atajulikana anavitaka.

Mwanamke akavuta pumzi. "Nikupe vyote, wewe kesho ubadili mawazo, mimi nitaeleza nini? Utaweka elfu tatu za samani. Ukinunua nyumba tunazikata kwenye bei. Usiponunua hazirudi."

"Sawa. Ila uandike: vyote kama nilivyoviona, kisibadilishwe hata kimoja. Nawajua nyie wa kampuni. Mtu anaonyeshwa mbuzi, analetewa sungura."

"Kama ulivyoviona," alisema Bibi Tranter akiandika. "Una hakika, Kapteni?"

"Na nivichukue kesho. Dada yangu ananitunzia mpaka nihamie."

Bibi Tranter alimtazama, macho yake yamejaa huruma. Lionel aliidhani ni huruma ya ujane wake. Akatia sahihi, akalipa elfu tatu, akatoka akipiga mluzi. Nyumba asingeinunua, hilo hata paka wa Larkfield alijua. Angeuza samani, angeandika barua ya masikitiko, basi, kazi imekwisha.

Jumatatu alifika na gari la kukodi na vijana wawili wabebaji. Kazi ilikwenda upesi mno. Mmoja alibeba sofa kichwani peke yake. Mwingine alishuka ngazi na televisheni chini ya kwapa, mkono wa pili anakula sandwichi.

"Nyepesi hii, bosi."

"Teknolojia," alimjibu Lionel. "Nzito ni za zamani."

Maureen Duckett aliwapokea kwenye ghala lake la Corby. Ukitaka kumjua Maureen, fikiria kabati, kisha lipe pete za dhahabu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpana, mwenye pesa taslimu na kumbukumbu ndefu.

"Shusha nione, mpenzi."

Walishusha. Maureen akazunguka sofa mara moja, akaitazama, akakaa. Magoti yake yakamfika kidevuni.

"Lionel."

"Mtindo mpya, Maureen. Wa Denmark."

"Denmark kuna watu wazima, mpenzi." Akajinyanyua kwa shida, akaenda kujilaza kitandani. Miguu ikaning'inia nje kuanzia magotini, na chini yake kitu kikapasuka. Akafunua shuka la hariri. Halikuwa godoro. Yalikuwa maboksi.

Maureen akainuka. Aligonga televisheni kwa ukucha, ikalia kama ndoo. Alivuta kitabu kimoja rafuni, vikaja vyote kumi na viwili kwa pamoja, vimeungwa kwa gundi, migongo mitupu. Aliuma tufaha la kwenye bakuli la mapambo, akalitema: lilikuwa la nta.

"Hujui kazi ya nyumba ya mfano, wewe?" aliuliza, na kilichomuuma Lionel ni kwamba alikuwa anauliza kwa dhati. "Wanachongesha samani fupi, chumba kionekane kikubwa. Kila mtu anajua. Mtu akiingia mle anajiona jitu. Wewe hukujiona..." Akamtazama toka utosini mpaka viatuni, safari isiyochukua muda, akaelewa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala, akawaita watu wa ofisini, nao wakaja kucheka.

"Nipe hata mia tano," alisema Lionel.

"Nenda, mpenzi. Umenifurahisha, ndiyo maana sikudai fidia ya kunipotezea asubuhi."

Akiwa ndani ya gari alimpigia simu Bibi Tranter, ukapteni umemtoka.

"Umeniingiza mjini, mama! Maboksi! Televisheni ya plastiki!"

"Kama ulivyoviona, Bwana Spragg," ilijibu ile sauti ya maktaba. "Nilikuomba ukae. Nilikuomba ujaribu kitanda. Nifanye nini zaidi, nikusukume?"

"Sinunui nyumba!"

"Najua."

Lionel akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mjane wa Surrey hatazami samani kabla hajauliza paa lina umri gani," Bibi Tranter aliendelea. "Kuna wazazi wa mapacha wanaitaka nyumba hiyo tangu wiki iliyopita, ila pesa yao inaingia Alhamisi, Julai imeshaanza. Mimi nilihitaji jina la Juni, la sivyo ningehamishiwa Grimsby, nami nina bustani. Jina lako limeingia Juni. Lao litaingia Julai. Na wao wanataka nyumba tupu, wana vitu vyao. Kampuni ilikuwa imlipe mtu wa kuja kuyazoa yale maboksi. Umetuondolea usumbufu, kwa kweli. Nikutumie fomu ya kujitoa?"

Nimewajua matapeli wengi, na baadhi yao nimewapenda, lakini sijamwona aliyepigwa changa la macho kwa upole namna ile.

Jalala la manispaa lilimkataa kwa sababu gari lilikuwa la biashara na hakuwa na kibali. Kutupa kando ya barabara ni faini, na kamera ziko kila mti. Gari lilitakiwa kurudishwa saa kumi na moja. Kwa hiyo jioni ile Lionel Spragg alifika kwa dada yake na shehena yote, akamweleza Keith kila kitu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Keith alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, kwanza ya Juni na Julai, kisha ya samani, akataka arudie mara mbili hapo pa samani fupi kukuza chumba, kama mwanafunzi mwema.

Siku mbili baadaye, Lionel alirudi kutoka kutembea akakuta chumba chake kimepangwa. Kitanda kifupi kilikuwa chini ya dirisha, na pembeni palibaki nafasi ya kupita, nafasi ambayo haijapata kuwepo tangu nyumba ijengwe. Kiti kiliingia. Kioo kiliingia. Hilary alisimama katikati ya chumba amefumbata mikono, machozi yanamlenga.

"Kaka, tazama! Sikujua kama tulikuwa na chumba kikubwa namna hii."

Keith alikuwa ameshika futi ya kupimia, ingawa hakuwa anapima chochote. "Ndiyo hivyo, shemeji. Nilikuwa nakutoza kodi ya stoo. Hiki sasa ni chumba cha kulala kamili. Nimeangalia wengine mtaani wanatoza ngapi, nimekupunguzia kidogo. Usipopenda, mlango uko wazi, una haki ya kuhama."

Ahame kwa pesa gani? Elfu tatu zilikuwa Larkfield, zinamwagilia bustani ya Bibi Tranter. Lionel akakaa kitandani, maboksi yakalia chini yake. Kilimtosha sawasawa, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Sawa, Keith," akasema mwishowe. "Kodi nakubali. Ila na mimi niongezee kitu. Godoro tu."

Keith aliitazama kalenda iliyokuwa ukutani, akaipindua karatasi ya mwezi uliokwisha taratibu.

"Shemeji," alisema, "nyongeza zilikuwa Juni."