Maneno ya Mwisho ya Mzee Nzioka

Jumanne, 8 Julai 2025
Mzee Nzioka amefariki. Mazishi ni Ijumaa, hapa Mutomo. Programu ya mazishi nachapisha mimi dukani kwangu, kama kawaida. Sifa atachukua Kivuva, katibu wa kanisa letu, kama kawaida. Jumapili alisema "haraka haraka haina baraka" ni neno la Mfalme Sulemani. Waumini wakaandika. Nikasimama kumsahihisha. Nikaambiwa Biblia yangu ina upungufu.

Sasa nimepata dawa yake. Marehemu mwenyewe atasema. Nimetunga msemo, nikauweka ukurasa wa nyuma juu ya jina la Nzioka: "Kisima hakimsahau aliyekichungulia." Maana yake siijui. Ndio uzuri wake. Nzioka hakuwa msemaji. Miaka ishirini tumesalimiana kwa kichwa tu. Nani atabisha?

Ijumaa, 11 Julai
Msemo wangu umependwa sana. Kivuva alilazimika kuusoma kwenye kipaza sauti mara mbili.

Furaha haikukaa. Mzee mmoja kutoka Kyuso alisema Nzioka alimwambia maneno hayo wakiwa vijana, wakichunga mbuzi. Nikajua ni uongo. Mazishini kila mtu alikuwa rafiki wa marehemu.

Kisha mjane, Mama Wayua, akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi, na jua la saa saba lilikuwa linachoma.

"Mulinge, nani alikuambia?"

Nikasema nilimsikia mzee mwenyewe. Akasema haiwezekani. Mzee aliyasema asubuhi aliyokufa, mara moja, na chumbani walikuwa wao wawili tu.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda kanisani. Nimejiambia ni bahati tu. Maneno ni machache duniani, lazima yagongane.

Nimetunga msemo mwingine kwa ajili ya mazishi yajayo, ya yeyote yule: "Mbuzi wa mwisho ndiye hufunga lango." Mpaka sasa ulikuwa kichwani tu. Hakuna niliyemwambia.

Jumatatu, 14 Julai
Mama Wayua aliniita nyumbani kwake. Alitoa daftari la mzee, jalada limeliwa na mchwa, wino umefifia. Kila ukurasa una msemo mmoja na jina la mtu chini yake. Ule wa kisima niliukuta, na jina la Nzioka. Nikafungua ukurasa unaofuata.

Mbuzi wa mwisho ndiye hufunga lango. Chini yake: Kivuva.

Nikasema Kivuva yu hai, nimemwona asubuhi akinunua ndengu sokoni. Mama Wayua akajibu kwamba mzee aliyaandika hayo yote kabla hawajaoana. Kivuva hakuwa amezaliwa. Nje kuku walikuwa wamenyamaza wote.

Jumanne, 15 Julai
Nilikwenda kumwonya Kivuva. Ni adui, lakini ana watoto. Nilimkuta ofisini kanisani, akipanga matangazo. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na msemo wenyewe. Kabla sijafika penye jina lake akainua kidole, akaniambia huo ni wa Sulemani.

Nikasema ni wangu. Akasema Mithali. Nikasema anionyeshe mstari. Akasema nitafute mwenyewe, kusoma ninajua.

Nilifunga mlango kwa nguvu nikaenda zangu. Nitamwonya kesho, akiomba msamaha.

Jumatano, 16 Julai
Kivuva amefariki. Walimkuta kwenye kiti chake, amelalia matangazo. Mkewe anasema asubuhi aliongea habari za mbuzi na lango, na hawafugi mbuzi.

Nimekaa dukani bila kufungua dirisha. Laiti ningemaliza sentensi moja tu.

Ijumaa, 18 Julai
Mama Wayua ameniletea daftari, amesema hataki lilale kwake tena. Nimelisoma lote. Ukurasa wa mwisho una jina langu, Gedion Mulinge, majina yote mawili, hakuna makosa. Juu yake: "Chai imepoa."

Hayo tu. Miaka yote hii nimewatungia watu maneno mazito, halafu mimi niachiwe hayo. Kivuva amepewa mbuzi na lango, tena msemo wangu!

Nimeyakata kwa kalamu nyekundu. Nimeandika: "Nimepanda neno, mvua itajua." Nimechapisha nakala mia mbili zikae tayari, na chini nimeongeza kwamba Sulemani naye aliwahi kusema hivyo.

Ndila wa hoteli ya jirani ameniwekea kikombe cha chai ya moto hapa mezani. Nitakunywa nikimaliza kusahihisha.