Malalamiko Kuhusu Majirani Wanaopita Ukutani Kwangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wenye Viwanja vya Kando ya Ziwa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAJIRANI KUINGIA NYUMBANI KWANGU BILA ADABU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na tumbo lako limetulia kuliko lilivyokuwa siku ya mkutano. Mimi ni yule fundi cherehani mnayemwita Pindo, mwenye kiwanja cha pembeni, kile kinachoteremka hadi majini. Nimepokea onyo lenu kwamba kiwanja changu bado ni kitupu, na kwamba kisipoota nyumba kabla ya mvua mtakirudisha kwa kamati, mkifanye mahali pa kuegesha magari ya wageni. Onyo hilo nimelisoma nikiwa nimesimama, nikalisoma tena nikiwa nimekaa. Limenikera kotekote.

Mwenyekiti, kiwanja kile kina nyumba. Kinachokosekana ni adabu ya watu wanaoingia ndani yake, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nieleze kidogo, maana kwenye kamati kuna watu wapya. Katika kazi yangu hatukimbilii mkasi. Tunatandika kitambaa mezani, tunachora kwa chaki, tunabana kwa pini, mteja anajaribu, anageuka huku na huku, analalamika kwapani panambana, ndipo tunakata. Nilipokwisha kununua kiwanja sikuona sababu ya kuacha kazi ninayoijua, eti kwa kuwa safari hii nguo ni nyumba. Nikapigilia vigingi, nikavuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi, nikamwaga chokaa chini kuonyesha milango, na nyumba ikatokea: sebule, vyumba vya kulala, choo, kibaraza, na jiko linalotazama ziwa. Pembeni nimeacha nafasi kidogo ya mshono, endapo familia itanenepa. Matofali yatafuata tukisharidhika kwamba nyumba imetukaa vizuri.

Basi tuko kwenye kujaribu. Na hapo ndipo majirani walipoanza kunitoa jasho, kama ifuatavyo.

1. Daktari wa Meno, jirani yangu wa mkono wa kushoto, anaingia sebuleni kwangu kupitia ukutani. Mlango upo, nimeumwagia chokaa ya kutosha, tena ni mpana, unapitisha hata kabati. Yeye anainua mguu, anavuka uzi, huyo ndani! Nilipomwambia kwa upole, alinijibu kwamba haoni ukuta wowote. Nikamuuliza, kama haoni ukuta, mguu anauinulia nini? Akainua na wa pili. Na jioni haimpiti, anakuja na kiti chake, anakiweka pale pale nilipopanga kuweka runinga, anatazama ziwa.

2. Nesi Mstaafu wa mkono wa kulia nampa sifa yake: anapita mlangoni, na hupiga hodi. Shida ni kwamba akishakaribishwa hakai sebuleni kama wageni wengine. Ananyoosha moja kwa moja hadi chumba chetu cha kulala, anakaa na kufuma. Anasema chumba kile kina upepo kuliko vyote. Najua kina upepo, ndiyo maana nikakifanya cha kulala! Mwenyekiti, mimi ni mtu na mke wangu. Siku mke wangu akisikia kuna mwanamke anashinda chumbani kwetu anafuma sweta, nitaanzia wapi kujieleza?

3. Vijana wanaocheza mpira ufukweni walipiga shuti likapita kwenye dirisha la jiko. Kioo hakikuvunjika kwa kuwa bado sijakitia. Hiyo ni bahati yao na wala haihusiani na malezi yao. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba radhi, waliniomba mpira tu.

4. Watu ambao sitawataja wanakatiza chooni kwangu wakienda ziwani. Kukatiza ningeweza kuvumilia, lakini wanasimama mle ndani na kusalimia. Mtu amesimama katikati ya choo changu, ndoo mkononi, ananipungia na kuniuliza habari za nyumbani. Habari za nyumbani niziseme mimi, wakati aliyeko nyumbani ni yeye?

5. Sasa wameanza kuikosoa nyumba yenyewe. Daktari wa Meno anasema moshi wa jiko langu utamfikia. Nesi anasema jua la asubuhi linamchoma mgongo, nisogeze ukuta wa chumba. Nikausogeza, kwa kuwa mimi si mtu wa ugomvi. Ukuta uliposogea, Daktari akasema sebule imembana miguu, nikalazimika kumwongezea kibaraza. Mwenyekiti, nyumba sasa inawakaa wao kuliko inavyonikaa mimi. Katika miaka yangu yote ya ushonaji sijawahi kuona mpita njia akija kupunguziwa kiuno kwenye suti ya mtu mwingine.

6. Hapa naomba uniwie radhi, maana nafika kwako. Ulikuja mwenyewe na Katibu kukagua kama kiwanja ni kitupu. Nilikuwa nimekaa kibarazani, nikawaona vizuri. Mlifika mlangoni mkasimama. Mkavua viatu. Mkaviweka pembeni vikiwa vimepangwa, mkaingia, mkazunguka vyumba vyote bila kuvuka uzi hata mmoja. Katibu alipotaka kutema mate alitoka nje kwanza. Kisha mkarudi ofisini mkaandika kwamba hakuna nyumba. Naomba kamati inijibu kwa maandishi: viatu mlimvulia nani?

Kwa hoja hizo, mtu anayetaka kusema nyumba yangu haipo anieleze majirani wanaingia wapi, wanakaa wapi, na wanalalamikia nini. Mimi naona jambo limekwisha. Naiomba kamati iitambue nyumba yangu kuwa imekamilika, iipe namba kama nyumba nyingine, na itangaze mtaani kwamba mlango ni ule wenye chokaa. Daktari wa Meno apangiwe siku zake na nyingine apumzike kwake. Nesi ahamishiwe chumba cha wageni, na kama hapendi upepo wa huko, aandikie kamati. Kufuli nimeshanunua, ufunguo ninao mfukoni, naomba mlinzi wa geti awe anahakikisha nimefunga. Na mtu yeyote asiyekuwa mgeni wangu, akitaka kutazama ziwa kupitia nyumbani kwangu, afumbe macho mpaka atokee upande wa pili.

Usinione nina maneno mengi, Mwenyekiti. Kuna jambo linaniuma. Tangu tuoane, mimi na mke wangu tunaishi chumba cha uani kwa shemeji, yaani kaka yake. Jiko analopikia lina dirisha linalotazama ukuta wa stoo, na ukuta wenyewe una ukungu. Mke wangu hajawahi kuniomba dhahabu wala safari. Aliniomba siku moja aoshe vyombo huku anatazama maji. Basi. Dirisha la jiko lile nimelipima kwa urefu wake, linaanzia kwenye kiwiko chake, ili asiiname. Kila nikimwalika aje kuona vigingi anakataa, anasema amechoka kuonyeshwa vipande vipande, atakuja siku nyumba ikiwa nyumba. Mkikichukua kiwanja mkakijaza magari, mimi nitarudi kwa shemeji na uso gani? Naona aibu kukuandikia haya, lakini ndiyo yenyewe.

Nisikuchoshe. Nakuaga nikiwa na imani kwamba haki itanikaa bila kuhitaji marekebisho. Nisalimie Katibu, Mweka Hazina, mlinzi wa geti, na mama mkwe wako, ambaye gauni lake liko tayari. Wasalimie pia wanakamati wote walionipinga, na watoto wao, ambao hawana kosa. Daktari wa Meno sina haja ya kumtumia salamu, yuko hapa sebuleni.

Wako katika kupima na kushona,

Fundi Pindo,
Mwenye NYUMBA ya pembeni.

Nyongeza baada ya sahihi: Mwenyekiti, barua hii sikuipeleka mara moja. Nilienda kwanza kwa shemeji nikamsomea mke wangu, aniambie kama lugha ni kali. Alisikiliza mpaka niliposema nyumba imekamilika. Akainuka, akamshukuru kaka yake kwa wema wake wa miaka yote, akaita lori. Sasa naandika nikiwa kiwanjani. Kitanda kiko chumbani, Nesi anamsaidia kutandika. Makochi yako sebuleni, Daktari amekaa kwenye moja na anasema ni laini. Shemeji ameshampangisha mtu chumba chetu. Mke wangu amesimama jikoni anaosha vyombo ambavyo havikuwa na uchafu wowote, anatazama ziwa, na anaimba. Sikujua kama huwa anaimba. Ng'ambo ya ziwa limetanda wingu jeusi, na ngurumo tunazisikia mpaka huku.

Kwa hiyo nafuta hoja zangu zote, ya kwanza hadi ya sita. Mlikuwa sahihi. Kiwanja ni kitupu kabisa, hakina ukuta, hakina paa, hakina chochote, nami naomba muda mpaka mvua ziishe ili nianze na matofali. Turubai lolote lililoko ofisini litafaa. Pia naomba kamati itume haraka mtu mwenye cheo, na ikiwezekana mwenye muhuri, aje amweleze mke wangu kwamba hapa hakuna nyumba. Mimi nimejaribu, akanipa kitambaa nikaushe sahani.