Gunia la Chumvi na Nafasi Moja Melini

Jumatatu, 3 Machi

Meli ya utafiti inaondoka mwezi ujao kwenda kutafuta gesi iliyoganda kama barafu chini ya sakafu ya bahari. Idara yetu, ambayo kazi yake ni kutafuta maji ardhini, imepewa nafasi moja. Mkuu wetu, tunayemwita Mama Miamba akiwa hayupo, ametangaza kwamba atakwenda yule atakayeonyesha mahali pazuri zaidi pa kuchimba kisima cha shule. Wagombea wawili: mimi na shemeji yangu. Shemeji ana shahada mbili. Mimi nina akili.

Mke wangu anasema yeye hana upande. Baada ya chakula akampigia kaka yake kumtakia heri.

Jumanne, 4 Machi

Nimechagua mahali pangu, nyuma ya jiko la shule. Sababu za kitaalamu: pana kivuli. Shemeji kazunguka uwanja mzima akigonga mawe kwa nyundo na kuyalamba. Nikamuuliza kama alikosa kifungua kinywa. Akajibu kwamba mimi niendelee tu kukitafiti kivuli changu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umekamilika. Mashine yetu hupitisha umeme ardhini kwa vyuma vinne. Ardhi kavu huuzuia, yenye maji huupitisha. Kwa kawaida kila chuma tunakimwagia kikombe cha maji ya chumvi ili umeme usikwame juu juu. Sasa kama kikombe kinasaidia, gunia je?

Nimemdodosa fundi wa mashine kwa mbali. Akasema chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Akaendelea kuongea, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichotaka.

Alhamisi, 6 Machi

Nilichelewa kazini kwa sababu ya kutafuta chumvi. Muuza duka akauliza kama nina harusi au msiba. Nikamwambia nina sayansi.

Wenzangu walipokwenda kula, nikakoroga gunia zima kwenye pipa la wapishi na kumwaga lote mahali pangu. Mgongo hauna hali. Saa nane tukapima. Sindano ya mashine ikaenda mwisho, ikabaki hukohuko. Nikaangalia pembeni kwa unyenyekevu. Mama Miamba akainama, akachota udongo kwa kidole, akauonja. Shemeji akauliza kama tunachimba kisima au tunakausha samaki.

Ijumaa, 7 Machi

Mahali pangu pamefutwa. Umeme ukipita kirahisi kiasi kile, akasema Mama Miamba, basi chini kuna maji ya chumvi, na wanafunzi si pweza. Nikasema labda mashine ina hitilafu.

Fundi akanivuta kando na kunieleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. Kila mahali hupimwa mara mbili, asubuhi na mchana. Vipimo vikipishana sana, panaachwa. Jana asubuhi, nilipokuwa dukani, mahali pangu palionyesha maji matamu tele, kuliko pa shemeji. Mama Miamba alikuwa ameshaanza kuulizia saizi yangu ya koti la kujiokolea.

Nimekwenda kukaa kidogo stoo.

Jumatatu, 10 Machi

Kisima cha shemeji kimetoa maji. Nafasi ni yake. Nyuma ya jiko, mchicha wa mpishi mkuu umenyauka wote, naye anauliza ni nani aliyetumia pipa lake. Mama Miamba hajaniuliza lolote. Amenipa tu ndoo mbili na kuniambia nimwagilie pale maji matamu mpaka chumvi iishe. Maji nayachota kwa shemeji. Anapampu mwenyewe, kwa heshima zote, akiniuliza shemeji yake anapendelea ndoo ijae au ipungue kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Habari njema! Meli imeongeza nafasi. Anatakiwa mtu wa kukaa mbele ya skrini na kuangalia viputo vya gesi vikipanda kutoka chini. Sharti ni moja, macho makali. Yangu, kwa mbali, hayatofautishi Mama Miamba na kabati.

Leo nimeingia kwa daktari wa macho nikijifanya nimepotea njia, nikasogea hadi kwenye ubao wa herufi, nikazinakili zote. Nimezikariri mpaka mstari wa mwisho, pamoja na jina la kiwanda kilichochapa ubao. Kesho ndio kipimo. Mke wangu ameuliza itakuwaje daktari akitaka nianzie chini. Nikamwambia hatapata nafasi hiyo. Nitakuwa nimezimaliza zote kabla hajawasha taa.