Malalamiko Kuhusu Banda la Turubai Kukataa Kuanguka

Kwa Meneja,
Karakana ya Mabanda ya Turubai.

Ndugu Meneja,

Najua barua yangu umeisubiri kwa hamu, maana hakuna banda la mifugo linalosimama upande huu bila mimi kulitolea kauli. Mimi ndiye mshauri wa ukoo wetu katika ng'ombe, majengo na hali ya hewa. Cheo hicho sikuteuliwa. Nilikishika baada ya kuona kiko wazi. Shule niliacha darasa la sita, kwa sababu mwalimu na mimi tulikuwa tumeshalingana.

Miezi minne iliyopita dada yangu mkubwa alitaka banda moja, upande mmoja aweke nyasi kavu, upande wa pili ng'ombe wake sita. Nikamshauri mabati. Nilimshauri siku tatu mfululizo, sebuleni kwake, mpaka chai ikaacha kuletwa. Akasema, "Nimekusikia, mdogo wangu," na kesho yake akaja kwenu.

Kitambaa ni cha kuvaa. Hilo nililisema mbele ya watu kwenye kituo cha maziwa: kwamba turubai litapaa kwa upepo wa kwanza. Nilitaja hata litakapotua, uwanja wa mpira wa shule, goli la upande wa juu. Mwalimu mkuu nilimwonya mimi mwenyewe.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Banda halijaanguka. Upepo wa kwanza ulikuja wiki ya tatu, na ulikuwa upepo wa kweli, nausifu. Uling'oa mabati tisa ya banda langu mwenyewe, ingawa yangu yaliondoka kwa heshima, moja baada ya jingine. La dada lilitikisika kama mtu anayecheka kimoyomoyo, likatulia. Nimegundua mafundi wenu walichimbia nanga za chuma hadi kina cha kiuno, na mgongo wa banda wakaupa upepo. Aliyewaonyesha upepo unakotokea ni dada. Mimi, mwenye upepo wangu, sikuulizwa.

Upepo wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Niliuona tangu mawinguni, nikawaita watu waje kushuhudia. Walikuja ishirini na wawili, wakasimama uani kwa dada saa nzima, kisha wakarudi makwao. Mmoja alinipa pole, kama nimefiwa.

2. Nyasi hazijaoza. Nilizipa mwezi mmoja. Nimechomeka mkono katika robota la chini kabisa mara nne, mojawapo bila ruhusa, na kote ni ukavu mtupu. Huko juu mmeacha matundu ya hewa, na joto linajiondokea. Mtu mzima akichomoa mkono mkavu mbele ya wapwa zake, uso auweke wapi?

3. Turubai lenu linapitisha mwanga. Dada anakamua bila taa na anaona kila kitu, mimi nikichungulia nikiwemo.

4. Wapwa zangu wananiita Mjomba Hali ya Hewa. Juzi yule wa mwisho alinijia kwa adabu zote, mikono nyuma: "Shikamoo mjomba. Eti umesema leo mvua? Basi tunaanika nguo." Ningempiga kofi, lakini alikuwa ameshaniamkia.

5. Hili ndilo linaloniumiza. Jumamosi kikundi chetu cha wafugaji kinachagua banda la kuhifadhi nyasi za wanachama wote kabla ya masika. Kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye ninayesimama wa kwanza kutoa ushauri, na wakati mwingine wa pili na wa tatu. Safari hii mwenyekiti amemwalika dada aeleze alivyochagua. Mimi nimeambiwa nipange viti.

Kwa hiyo naomba, kabla ya Jumamosi, mtume fundi mmoja aje alegeze mikanda inayokaza turubai upande mmoja. Sitaki lianguke lote. Mimi si mkatili. Liiname tu, kiasi cha mpita njia kusema, "Yule bwana alisema." Kama fundi hana nafasi, niandikieni barua yenye muhuri kwamba kuanguka kwa banda kupo palepale, ila kumechelewa. Mkininyima yote mawili, nitapanga viti, na kila kiti mjue mmekiweka ninyi.

Wasalimieni mafundi wote, hata waliochimba nanga. Msalimieni na yule binti wa mapokezi aliyenijibu kwenye simu mara saba bila kuchoka, na wote waliomo majumbani mwenu.

Ni mimi, ninayewaombea kazi zenu zote zidumu isipokuwa hii,

Mjomba,
Mshauri wa Ukoo.

Nyongeza: Fundi asije kwanza. Mabati yangu yalipoondoka, mtamba wangu, ambaye ndiye ng'ombe pekee niliye naye, alihamia kwa dada. Dada alimsogezea nyasi tu. Siku ya upepo wa pili mtamba alikuwa humo ndani, anazaa uzao wake wa kwanza, na miguu ya ndama ilikuwa imeshatoka. Kabla ya kuwaita wale watu nilizunguka nyuma, mahali ambapo hakuna aliyeniona, nikaikaza mikanda yote kumi na miwili kwa mikono yangu. Wa mlangoni niliurudia mara tatu.