Udongo wa Tambuu na Vumbi la Mabomu

Pete, Unguja,
9 Machi 1968

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi katika gazeti lako niyashitaki mataifa makubwa yanayojaribu mabomu, ambayo yamemfanya mke wangu, Mwatum, arudi kwao Jambiani. Mimi nimefika darasa la saba na nina redio, kwa hivyo hapa Pete huulizwa mambo mengi, na hata nisipoulizwa hujibu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Redio ilieleza kwamba bomu likiripuliwa huko mbali, vumbi lake lenye sumu isiyoonekana huchukuliwa na upepo, kisha hushuka na mvua. Shambani jembe hulichanganya na udongo. Mwituni hakulimwi: majani hulidaka, majani hupukutika, na sumu hukaa katika vidole vinne vya juu, chini ya majani makavu, miaka na miaka. Uyoga huifyonza. Miti huipandisha kwa mizizi na kuirudisha chini kwa majani. Nani aliwapa ruhusa ya kuufanya mwitu wetu wa Jozani ghala lao?

2. Mke wangu hupanda mitambuu, ile ya majani ya kutafunwa na popoo, kwenye madebe, na mitambuu yake haitaki udongo ila ule mweusi wa mwituni, vidole vinne vya juu. Aliyeubeba kwa pakacha miaka sita, tena akijisifu, ni mimi. Yaani nimetia sumu nyumbani kwangu kwa mabega yangu mwenyewe.

3. Msomi hangoji. Mwatum alipokwenda kisimani niling'oa mitambuu yote kumi na minne, nikaumwaga udongo njiani. Nilisahau kwamba tambuu zile zilikuwa ahadi ya harusi ya Wanu, mtoto wa dada yake, na wanawake wa Jambiani hawakai kwenye harusi isiyo na tambuu. Aliporudi hakupiga kelele. Alisema, "Silima, mie nshachoka na elimu yako," akajitanda kanga akaondoka. Leo siku ya ishirini na mbili. Napika mwenyewe na nala nilichopika.

4. Kwa hiyo nadai mataifa hayo yalete meli ya udongo safi, madebe kumi na manne, pamoja na ujumbe wa watu wazima, wavae kanzu, waende Jambiani kumwomba radhi mama mkwe wangu, Bi Mwatima. Mimi nimefika mlangoni pake mara mbili nikarudi.

Wasalimie wachapaji wako wote, na wasomaji wa Jambiani zaidi kuliko wengine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Silima Makungu

Baada ya kuandika: Barua ilikuwa bado mfukoni alipokuja bwana shamba na mgeni mwenye kisanduku cha kupimia sumu hiyo. Mwituni kililia mojamoja. Kwenye udongo nilioumwaga, vivyo hivyo. Mgeni akasema kiasi hicho hakidhuru mtu. Nikanyoosha mkono kumwonesha pa kupima tena, kikalia mfululizo. Ni saa yangu, ile ya namba zinazong'aa gizani kwa rangi ambayo kumbe ina sumu ya aina hiyo hiyo, ambayo kila Ramadhani kijiji kizima hunishika mkono kuitazama, na ambayo hulala nayo ubavuni mwa Mwatum. Nilitaharuki, nikaifukia Jozani, vidole vinne chini ya majani. Basi katika orodha ya wanaotia sumu mwituni, anza na mimi.

Tafadhali usiichapishe kabla ya Ijumaa. Kesho nakwenda Jambiani na pakacha la udongo begani, na nataka Mwatum ayasikie haya kwangu kwanza.