Sheria ya Sashe Sokoni Bweremana

Siku Tuyizere aliposikia redioni kwamba nchi ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki, yaani sashe, alisikitika sana: sheria nzuri namna hiyo, na hakuna mtu aliyekuwa anaila!

Tuyizere alikuwa mtu wa Sake, fundi wa kazi zote zisizotoa jasho. Alivaa jile, kizibao cha kijani, akachomeka kalamu tatu mfukoni (mwenye kalamu moja ni karani tu), akajiita inspekta, akashuka soko la Bweremana na kuwasomea wamama wauza sambaza, visamaki vya ziwani, karatasi aliyoiandika mwenyewe.

«Kuanzia soko yenye inakuya, sashe ni mwisho! Kila kitu kifungwe mu kitu yenye kuoza. Muntu akiingiza plastiki hapa, komite ya soko inakamata plastiki na mali yote yenye iko ndani.»

Hilo la kukamata alikuwa ameliongeza ili wamama waogope vizuri.

Mama Thacienne, mkubwa wa komite, akanyoosha mkono. «Papa Inspekta, iyo karatasi iko na kashe?»

«Mama, sheria iko sheria.»

«Huku kwetu karatasi bila kashe iko ya kufungia karanga.»

Soko likacheka. Tuyizere hakupenda kuchekwa. Akatoa kashe, muhuri aliochongewa na fundi viatu, akaugonga mara mbili, akamwachia mama karatasi. Wahenga walisema mwerevu hajinyoi. Huyu alijinyoa kavu, tena hadharani.

Kisha akauza pikipiki yake, kitu pekee alichokuwa amekipata kwa haki, akanunua Goma mifuko ya karatasi robota sita, aje awauzie wamama kwa bei mara tatu. Mifuko isipotoka, amekwisha.

Siku ya soko akashuka kwenye lori na robota zake. Akakuta nini? Wamama walikuwa wamefanya salongo, kazi ya pamoja, shambani kwa Thacienne. Wamesuka vikapu kwa maganda makavu ya mgomba na kuvitandika majani mabichi. Mfanyabiashara wa Goma alikuwa anachukua kumi, anaagiza vingine hamsini.

«Bakiriya wanasema samaki hainuke tena plastiki,» alisema kuhusu wateja wake.

Tuyizere akapandwa na hasira. «Nani aliruhusu hii? Karatasi njo ya sheria!»

Thacienne akakunjua ile karatasi. «“Kitu yenye kuoza.” Mugomba inaoza, Papa. Na kashe iko yako.»

Kisha macho yake yakatua kwenye robota. Kila moja ilikuwa imeviringishwa plastiki, tena imekazwa sawasawa.

«Papa Inspekta, hii iko nini?»

«Iyo… iko ya kuzuia mvula tu.»

«Iko plastiki. Na mali iko ndani.»

«Mama, mimi njo sheria!»

«Hapana, Papa.» Akagonga karatasi kwa kidole. «Sheria iko hapa.»

Komite, kwa masikitiko makubwa yanayowapasa watumishi wa umma, ikabeba robota zote sita. Saa sita mchana wauza maharagwe na unga walikuwa wanawafungia wateja bidhaa ndani ya mifuko yake myeupe, safi. Tuyizere alikaa juu ya jiwe, machozi yanamlengalenga. Maskini, hakuigiza.

Thacienne akamletea sambaza za kukaanga ndani ya kikapu kidogo, bure.

«Kula, Papa. Kufika Sake kwa miguu iko mbali.» Akageuka kwenda, kisha akasimama. «Halafu soko ingine utuletee sheria ingine. Hii imetusaidia.»